Milembe Anakwenda Kunolewa Masikio

Milembe ng'wana Mayige alikuwa na sifa moja ambayo hakuna mtu wa Mwalugoye aliyeibishia: alimaliza kesi ya ndoa kabla wenye kesi hawajakaa vizuri kwenye benchi. Mume akianza, "Mimi mke wangu huyu," basi Milembe ameshajua kama ni mwongo au mkweli kwa namna alivyoshika kofia. Mke akifungua mdomo, Milembe anainua mkono. "Nyamaza, najua." Na yeye kweli alidhani anajua. Watu walikuja na ugomvi wao asubuhi, na kabla jua halijachoma wameshasuluhishwa, wanarudi kwao wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja, lakini wameshikana mikono, kwa sababu walimwogopa.

Kusoma alisoma kidogo, kwenye elimu ya watu wazima, akaacha pale alipoweza kuandika jina lake. Hata hilo jina, M aliiandika kubwa kama lango la zizi, halafu herufi zilizobaki zinabanana nyuma yake kama ndama wanaogombea kuingia. Akiulizwa kwa nini hakuendelea, alisema mwalimu alikuwa anachelewa kufika kwenye jambo.

Kwenye baraza la usuluhishi la kata alikuwa na kiti chake. Wajumbe wengine walikaa popote, lakini kiti cha Milembe kilikuwa na mto alioushona mwenyewe na kuujaza pamba ya shamba lake. Hakuna aliyethubutu kukikalia, hata mwenyekiti, Mzee Ngeleja. Huyu Ngeleja alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Milembe, kwa hiyo ni shemeji, kwa hiyo ana ruhusa ya kumtania mpaka machozi yamtoke. Alikuwa akisema kiti kile kingekuwa na mdomo kingeshafika barazani kudai talaka.

Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa. Bariadi ilikuwa bado ni wilaya ya Shinyanga, na Simiyu watu waliijua kuwa ni mto tu, haijawa mkoa. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilifuatwa na wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na wanalipa hapohapo. Mwanaume anauza pamba asubuhi, jioni ana redio, ana miwani ya jua, ana mwanamke kule mjini Lamadi. Kesi zikajaa barazani mpaka benchi likavunjika mguu. Na kama vile ruksa iliwaletea watu mitumba na sabuni za kila rangi, ikawaletea pia mashirika, na mashirika yakaja na semina.

Tangazo lilisomwa kanisani, likarudiwa gulioni. Wote wanaoshauri familia, wa serikali na wa dini, waende Bariadi mjini kwa wiki moja ya mafunzo rejea. Atakayefaulu atapata kibali cha kuendelea na kazi. Asiyekwenda, au akienda akashindwa, nafasi yake atapewa mwingine.

Milembe alisema haendi. Alisema ng'ombe mzee hafundishwi njia ya lambo. Hayo aliyasema kisimani, akayasema nje ya kanisa, akamwambia hata muuza chumvi aliyekuwa anapita zake. Ndipo Ngeleja akaja na baiskeli yake, akasimama uani bila kushuka, akasema, kama mtu anayezungumzia mawingu, kwamba Esteria, mke wa mwenye duka, ameulizia kile kiti. Tena ameuliza kama mto nao unabaki.

Kesho yake Milembe alikuwa amefungasha nguo. Akamwambia Ngeleja asijidanganye, yeye haendi kufundishwa. Anakwenda kuwasaidia hao walimu, watoto wa watu, wasije wakafundisha upuuzi wilaya nzima.

Nyumbani alimwacha binti yake, Elina, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Elina alikuwa ameolewa Nyalikungu, kule Maswa, na kijana wa ofisi ya ustawi wa jamii anayeitwa Constantine. Wakati wa palizi alikuja kwao na furushi dogo. Milembe akawaambia majirani kwamba binti amekuja kumsaidia palizi. Palizi ikaisha. Pamba ikapasuka, ikachumwa, ikauzwa, na binti bado anasaidia palizi. Barazani, mke aliyekimbilia kwa mama yake, Milembe alimrudisha kwa mumewe kabla hajapoa miguu. Huyu wa kwake alimsukia mkeka mpya. Jirani akithubutu kuuliza, mwanamke huyu mwenye hekima alijibu kwamba kila kesi ina mambo yake.

Na kesi yenyewe aliijua, angeachaje kuijua? Constantine ana mwanamke Lamadi. Wote wana mwanamke Lamadi. Elina alipojaribu kusema, "Mayu, siyo hivyo, mimi..." Milembe aliinua mkono. Mara mbili mkwewe alituma mzee kutoka Maswa kuja kuzungumza. Wote wawili walikaribishwa vizuri, wakapewa matobolwa, yaani viazi vikavu vilivyochemshwa, wakapewa na hukumu juu yake, wakaondoka. Milembe aliwasindikiza mpaka barabarani akiona amewashinda.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu mkubwa alikuwa Bi Lukresia, mama wa makamo aliyetoka Mwanza, mwenye suti ya kitenge na sauti iliyozoea madarasa. Alisema wasimwite mwalimu, wamwite mwezeshaji. Alisema pia kwamba watu wanaokuja na ugomvi wao wanaitwa wateja. Milembe akamnong'oneza Ngeleja kwamba ruksa sasa imefika mbali, hata kugombana na mume kumekuwa duka.

Kisha Bi Lukresia akasema, "Mwenzangu wa kufundisha wiki hii ni ndugu Constantine, kutoka ustawi wa jamii, Maswa." Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia mkwilima wa Milembe amebeba karatasi kubwa za kubandika ukutani.

Asiye Msukuma inafaa aelezwe kidogo hapa. Mkwilima, yaani mwanaume aliyeoa binti yako, na wewe mama mkwe, hamtazamani. Hamli pamoja, hamtajani majina, hamjibizani. Mkikutana njiani mmoja anaingia vichakani kana kwamba ameona kitu cha kuokota. Siyo chuki hata kidogo. Ni heshima, tena heshima kubwa mpaka haina pa kukaa, ndiyo maana kila mmoja inamlazimu kuipisha.

Milembe alivuta kanga ikafunika kichwa na nusu ya uso, akageuza kiti kikaelekea dirishani. Constantine alipoiona ile kanga aliijua, maana ndiye aliyeinunua kwa ajili ya harusi. Akageukia ubao. Akaandika KARIBUNI, akabaki anaitazama ile karibuni muda mrefu, mpaka washiriki wengine wakadhani amekosea herufi.

Milembe angeweza kusimama akaenda nyumbani. Lakini akiondoka, Esteria anakalia mto. Angeweza pia kumwambia Bi Lukresia kwa sauti ya chini kwamba yule ni mkwilima wangu, naomba nikae nje nisikilizie mlangoni. Lakini akisema hivyo, yule mama wa Mwanza, kwa adabu tu, atauliza, "Oo, na binti hajambo? Wako wote Maswa?" Na ukumbi mzima wa washauri wa ndoa wa wilaya ya Bariadi ungenyamaza kusubiri jibu. Basi akabana midomo. Ngeleja, aliyejua yote, alikaa kiti cha jirani akiwa na furaha ya mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja.

Wiki ile ikaenda hivyo. Bi Lukresia alifundisha kwamba mshauri mzuri humgeukia mteja, humtazama usoni, humwonyesha kwa macho kwamba yuko naye. Alimwomba Constantine aonyeshe mfano, na Constantine akauonyesha kwa kuugeukia ubao. Aliwageukia washiriki wote mmoja mmoja, na akifika upande wa dirisha anakohoa na kuokota chaki. Milembe naye aliijua miti yote ya parokia kwa matawi yake.

"Bibi, hebu geuka huku kwa wenzako," Bi Lukresia alimwambia.

"Shingo, mwanangu."

"Ina nini?"

"Ina miaka."

Bi Lukresia akaamua kwamba huyu bibi ni kiziwi na anaona aibu kusema. Tangu hapo kila akifika kwenye jambo muhimu alimsogelea akamwinamia sikioni akapiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Ngeleja akaona vibaya kumwacha mwezeshaji katika kosa. Akamwambia kwa upole, "Masikio anayo, mwalimu, mazima kabisa. Ila hayajawahi kutumika."

Wakati wa chai Milembe asingeweza kutafuna chapati mbele ya mkwilima. Alibeba kikombe chake akazunguka nyuma ya jiko, akakaa na wapishi kwenye magunia ya mkaa. Wapishi walifurahi, kwani walikuwa na matatizo ya waume kama watu wote. Milembe aliwaamulia wote kesi zao kabla chai haijapoa. Alirudi ukumbini akiona kwamba semina ya kweli iko jikoni, na mwezeshaji wake ni yeye.

Shida ilianza kwenye mazoezi. Zoezi kubwa la Bi Lukresia lilikuwa moja tu: mshauri anakaa na mteja, mteja anaeleza, mshauri anasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha anarudisha kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyasikia. Akikatiza, wanaanza upya. Milembe alipangiwa Ngeleja awe mteja.

Ngeleja akakaa, akavuta pumzi, akasalimia kwa Kisukuma, "Mama mshauri, mwadila. Mimi nimekuja..."

"Rudi kwako," Milembe alisema akiangalia dirishani. "Kosa ni lako."

Wakaanza upya. Safari hii Ngeleja alifika mpaka kwenye neno mke. Wakaanza tena, akafika kwenye mbuzi wa mke, na Milembe akasema mbuzi arudishwe. Ukumbi ulicheka mpaka mapadre wakachungulia. Bi Lukresia peke yake hakucheka. Alimwita pembeni, na safari hii hakupiga kelele. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba anamheshimu kama mama yake, kwamba anaona ana akili kali, lakini siku ya mwisho kuna mtihani wa zoezi hilihili, na atakayemkatiza mteja hatampa kibali. Hata awe nani.

Milembe akaenda nyuma ya jiko akakaa kimya, jambo lililowatisha wapishi. Alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Padre, labda, lakini hata padre, mahubiri yakirefuka yeye husema amina mapema ili kumsaidia. Marehemu mumewe alikuwa mtu mkimya, na Milembe siku zote alisema ni maumbile yake. Sasa, juu ya gunia la mkaa, ilimjia kwa mara ya kwanza kwamba pengine yule mzee alikuwa anasubiri zamu.

Mpishi mmoja akampa dawa. Akamwambia achukue mchembe, kile kipande cha kiazi kilichokaushwa juani, kigumu kama ukucha, aweke mdomoni kabla ya mtihani. Kinachukua muda mrefu kulainika, na mwenye mchembe mdomoni hawezi kusema neno likaeleweka. Milembe alidharau, akauliza kama yeye ni mtoto wa kuziba mdomo kwa kiazi. Kisha akafunga michembe mitatu kwenye pindo la kanga.

Siku ya mtihani, wateja wa kuigiza walikuwa ni walimu wenyewe. Bi Lukresia alianza, lakini kelele zote zile alizompigia Milembe wiki nzima zilikuwa zimemkausha koo. Sauti ikakatika akiwa na mshiriki wa tatu. Akaashiria kwa mkono kwamba waliobaki wote watakuwa na Constantine. Waliobaki walipopungua mpaka akabaki Milembe, Ngeleja aliona sasa utani umefika ukingoni. Akasimama.

"Mwezeshaji, kuna jambo. Hawa wawili..."

Milembe akamkanyaga kidole cha mguu kwa uzito wake wote.

"Hawa wawili wanafaa sana," Ngeleja akamalizia, akakaa.

Viti viwili viliwekwa katikati ya ukumbi, vikitazamana. Milembe akakigeuza chake kikaelekea mlangoni. Constantine akakigeuza chake kikaelekea ubaoni. Wakakaa wamepeana migongo kama fahali wawili waliochoka kupigana. Bi Lukresia, asiyekuwa na sauti ya kugombeza, aliwapungia mkono waendelee.

Milembe alikuwa anafungua pindo la kanga atoe mchembe, ndipo Constantine akaanza, na Milembe akaganda vilevile. Hakuhitaji mchembe. Anayesema ni mkwilima, na mkwilima hajibiwi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mtu anaeleza kesi ya ndoa mbele yake, na mila yenyewe imemfunga mdomo.

Constantine alisema anaitwa Masunga, mvuvi wa Kalemela. Alisema polepole, akiuambia ubao. Ana mke, anampenda, na amemkosea. Siku moja alileta wageni wa ofisini bila kumwambia mkewe. Hapo watu wakatazamana, mvuvi gani wa Kalemela ana wageni wa ofisini, lakini hakuna aliyecheka. Nyumbani unga ulikuwa umeisha. Yeye akamkemea mke mbele ya wale wageni. Mke hakujibu. Alipika uji kwa unga uliobaki, akawapa wageni wote, yeye mwenyewe hakunywa. Kesho yake akaenda kwa mama yake.

"Nilimtuma mzee aende akaseme nimekosa," Constantine akaendelea. "Neno lilikuwa hilohilo tu, nimekosa. Mzee akarudi. Nikamuuliza, umesema? Akasema, sikupata nafasi. Mama mwenyewe alinieleza kesi yote, ilivyoanza na itakavyokwisha, akanipa matobolwa, nikashtukia niko barabarani. Nikatuma wa pili, huyu fundi wa maneno kabisa. Naye akarudi na matobolwa mfukoni."

Chaki ilisikika ikivunjika mkononi mwake.

"Mke wangu hajui kwamba nimeomba msamaha. Anadhani nimenyamaza. Mimi kwenda mwenyewe siwezi, uani pana mama, na yule mama namheshimu. Basi, ni hayo."

Milembe alikuwa amemkodolea macho mlango. Nje kuku wa parokia walikuwa wanapekua majani makavu. Mwanamke wa Lamadi, aliyemjenga kwa mikono yake mwenyewe, akampa jina, akampa na gauni jekundu na jino la dhahabu, alikuwa anatoweka mbele ya macho yake kama moshi, na nyuma yake kukabaki sufuria la uji tu. Jinsi alivyokuwa amemsimulia yule mwanamke kisimani! Kuna watu wa Mwalugoye waliokuwa wanajua mpaka anapouza samaki.

Bi Lukresia akanong'ona kwa sauti yake ya kukwaruza, "Bibi, rudisha ulichosikia."

Angeweza kusema sikusikia, shingo. Kila mtu angeamini. Angeweza pia kurudisha nusu. Ngeleja baadaye aliwaambia watu kwamba aliona ile kanga inapanda na kushuka mabegani kama kuku anayeatamia mayai ya moto.

Milembe akasema na mlango.

"Wewe mlango, nisikilize. Kuna mtu hapa anasema amemkosea mke wake kwa ajili ya unga. Amekubali kosa. Amelikubali zamani, tangu palizi. Ametuma wajumbe wawili waje waseme. Huko walikotumwa kuna mama mmoja." Akavuta kanga. "Mama huyo anajua kila kitu. Kwa hiyo wajumbe hakuwauliza walichotumwa. Aliwashibisha akawafukuza. Sasa binti analia kwa sababu mume amenyamaza, mume analia kwa sababu mke hajibu, na katikati amekaa huyu mama, ameziba njia kama ng'ombe aliyelala barabarani, na anajiona analinda."

"Na mteja anaomba nini?" Bi Lukresia aliuliza.

"Anaomba ng'ombe asimame."

Ukumbi ukalipuka. Constantine aliegemeza paji la uso ubaoni, mabega yanamtikisika, haikujulikana kama analia au anacheka. Bi Lukresia akangoja kelele zitulie, akauliza swali la mwisho, kwamba mshauri ana ushauri gani kwa mteja huyu.

Milembe alifungua mdomo. Kwa miaka yote ushauri ulikuwa unamtoka kama mchwa baada ya mvua. Sasa alingoja, hakikutoka kitu.

"Sina," alisema.

Bi Lukresia alisema, kwa kadiri sauti ilivyomruhusu, kwamba hakuna mshiriki aliyemsikiliza mteja kama huyu bibi. Kibali atapewa. Lakini kwa upande wa kumtazama mteja usoni hakupata hata kidogo, kwa hiyo mwakani arudi, kwa ajili ya macho tu. Ndipo Ngeleja akasimama na kidole chake kilichovimba, akamweleza mwezeshaji habari za mkwilima na mama mkwe. Bi Lukresia aliweka mikono kichwani, akakaa kwenye kiti cha karibu, na kwa muda mrefu hakuweza kuwatazama wote wawili, kana kwamba naye ameingia ukwe.

Milembe alifika nyumbani, akamkuta Elina anachambua mlenda. Akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Haya, sema," alimwambia.

"Niseme nini, mayu?"

"Kile ulichokuwa unataka kusema wakati wa palizi."

Elina alimtazama mkono kwanza, kama utainuka. Haukuinuka, Milembe alikuwa ameukalia. Basi akasema. Alisema hakukimbia. Alitaka tu mume alale na njaa siku mbili tatu ajue unga unatoka wapi. Alingoja atume neno, halikuja, na kila alipotaka kurudi mwenyewe mama yake alimwambia habari mpya ya Lamadi. Milembe alisikiliza mpaka mlenda ukaisha kuchambuliwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba neno lilikuja, mara mbili, na kwamba lililiwa na matobolwa.

Elina hakumgombeza mama yake. Alicheka, akajifuta macho kwa mkono wenye majani, akacheka tena, na Milembe aliona afadhali angegombezwa.

Lakini ukwe una njia yake. Binti harudi kwa mumewe kwa maneno ya semina. Lazima mjumbe aje, akae, aseme, asikilizwe. Jumapili baada ya misa mjumbe wa tatu akaja, na alikuwa ni Ngeleja. Constantine alikuwa amebaki barabarani, kwenye banda la kupimia pamba linaloonekana kutoka mlango wa nyuma, na baiskeli.

Milembe alipoona ni nani aliyetumwa alijua amekwisha. Akafungua pindo la kanga, akatoa mchembe, akautia mdomoni.

Ngeleja akakaa kwenye kiti cha wageni kwa raha kubwa. Akasalimia. Akauliza habari za watu, kisha za ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi yake. Akasema kabla ya kufika kwenye alichotumwa ni vizuri kuanza mwanzo. Akaanza na babu yake Constantine, alivyohama na mifugo yake mwaka wa njaa. Akamvusha mto Simiyu na fahali wake, fahali akasombwa na maji, akamfuata kwa maelezo marefu mpaka akapatikana hai. Kila baada ya kituo alisimama, akamtazama shemeji yake, akangoja. Milembe akawa anazungusha mchembe shavu hili na shavu lile, machozi yanamlenga. Ngeleja akaingia kwenye mahari ya bibi yake Constantine. Ng'ombe wa mahari akawataja kwa majina.

Fahali alipokuwa bado mtoni, Milembe aliona Elina anatoka mlango wa nyuma na furushi lake dogo kichwani. Binti alisimama kwenye kona ya nyumba, nyuma ya mgongo wa Ngeleja, akamtazama mama yake. Milembe, mdomo umejaa, aliinua mkono. Ni mkono uleule wa nyamaza-najua, ila safari hii aliutikisa kuelekea barabarani. Elina akapiga goti, akaondoka. Kanga yake ilionekana kidogo juu ya mashina ya pamba, ikapotea.

Ngeleja alifika kwenye neno alilotumwa mchembe ukiwa umeshayeyuka wote na wa pili umefika nusu. Akajinyoosha, akasafisha koo.

"Basi, shemeji. Kijana anasema hivi: nimekosa. Namwomba mke wangu arudi nyumbani. Ni hilo tu."

Milembe alitafuna, akameza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna kilichobaki? Hakuna babu mwingine?"

"Hakuna."

"Hata ndama?"

"Nimesema nimemaliza, shemeji. Toa jibu, kijana anangoja juani."

"Hangoji," Milembe alisema, akijifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Mtu uliyemfuata amepita nyuma yako tangu fahali yuko majini. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa unaongea."

Akainuka kwenda kumletea matobolwa.